Damu ya Kliniki Haisemi Kama Utapasuliwa

Wiki hii tena. Mama wa mimba ya kwanza, wiki ya 36, kanikabidhi bahasha ya maabara. Kalipia vipimo ili aambiwe kama atasukuma au atapasuliwa. Ndani: wingi wa damu, sukari, protini ya mkojo. Vyote vya muhimu, hakuna kinachojibu swali lake.

Kipimo kinachokaribia swali hilo kipo, ila si cha kliniki. Ni lakteti, asidi ya msuli unaokosa oksijeni, inayopimwa kwenye maji ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto tumboni. Mfuko wa uzazi ni msuli. Ukikaza, mishipa ya damu inabanwa, oksijeni inapungua, lakteti inazalishwa. Ukilegea, damu inarudi kuisafisha. Usipopata muda wa kulegea, asidi inapanda na nguvu inashuka. Huko Stockholm, Sweden, watafiti walipima matone ya maji hayo wakakuta lakteti ikizidi kama milimoli 10 kwa lita, uwezekano wa uchungu kukwama unaongezeka.

Lakini hayo ni maji yanayotoka chupa ikishapasuka, mama akiwa leba! Lakteti hiyo ni habari ya kazi ambayo msuli umeshaifanya usiku huo. Wiki ya 36 msuli haujaanza kazi, sasa utapima nini?

Na hata leba, lakteti haioni nyonga. Kichwa kisichopita kitakwama hata mfuko ukikaza vizuri kabisa. Uchungu dhaifu unaweza kusaidiwa na dripu ya kuongeza uchungu. Uchungu pingamizi, yaani mtoto hapiti njiani, ukiuongezea dripu, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi, mfuko unaweza kupasuka. Namba ya maabara haikutenganishii hayo mawili. Kinachotenganisha ni vidole vyako ukimpima mama njia.

Shaka yangu nyingine: asidi ndiyo inayouchosha msuli, au ni alama ya msuli uliokwisha kuchoka? Kuna waliojaribu kuwanywesha akina mama bikaboneti, ya kupunguza asidi, kabla ya dripu, matokeo yakatia moyo. Kwangu bado hayatoshi kubadili ninavyofanya kazi.

Patografu nayo, ile chati ya kufuatilia leba, tuliifanya sheria: njia ifunguke sentimita 1 kila saa kuanzia 4. Mwaka 2018 WHO, Shirika la Afya Duniani, ikasema wengi huenda taratibu zaidi, na leba hai, yaani iliyoshika kasi, inaanzia sentimita 5.

Yule mama nilimpapasa tumbo. Kichwa kiko chini, bado kinaelea, hakijaingia kwenye nyonga. "Kwa hiyo sista, nitasukuma?" Nikamwambia, mdogo wangu, chupa ikipasuka usikae nyumbani, njoo hata usiku. Tutakupima njia kila baada ya saa 4, na jibu lako litatoka hapo.