Gari likivuta kushoto, fungua kulia kwanza

Bado inasemwa hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba: gari likivuta kushoto ukikanyaga breki, kalipa ya kushoto (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ndiyo mbovu. Kwa hiyo kalipa hiyo inafunguliwa, inasafishwa, inawekewa pedi mpya, na gari linazidi kuvuta kushoto. Lisizidi kwa nini? Umeutibu upande uliokuwa mzima.

Upande ulioshika ndio unaolivuta gari. Ukivutwa kushoto, maana yake tairi la kushoto limepunguza mwendo na la kulia bado linakimbia. Mgonjwa yuko kulia.

Alaimenti mniachie kidogo. Gari linaloenda sawa na kuvuta pale tu unapokanyaga breki halihitaji alaimenti kwanza. Pima upepo wa matairi ya mbele, uwe sawa pande zote. Kisha jaribu kwenye tambarare kavu isiyo na magari, kama kilomita 40 kwa saa, usukani umeushika kwa wepesi. Si kwenye mteremko wa Bugando. Na kumbuka barabara nyingi zimeinamishwa pembeni ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari kusogea kushoto polepole bila breki si ugonjwa.

Sasa wajuaji: "Lakini breki iliyokwama nayo inavuta!" Kweli, na hapa ndipo watu wanachanganya magonjwa mawili. Kuna breki isiyoshika na kuna breki isiyoachia. Isiyoshika huvuta ukikanyaga tu, na kosa liko upande wa pili. Isiyoachia huvuta hata hujagusa pedali, au huendelea kuvuta ukishainua mguu, na rimu yake inakuwa ya moto kuliko mwenzake. Kati ya hizi mbili, hiyo ndiyo yenye kosa upande uleule unaovutwa. Sogeza kiganja karibu na rimu usikie joto, diski usiiguse.

Isiyoachia ina kipimo kizuri. Piga jeki, weka stendi, mtu akanyage na kuachia. Tairi likibaki limebana, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likiendelea kubana, pistoni au pini zimekwama. Mafuta yakiruka na tairi likawa huru, presha ilikuwa imenaswa. Rudia kukanyaga na kuachia mpaka tairi libane tena, safari hii ulegeze pale bomba la chuma linapoungana na mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Likiachia hapo, kosa liko juu, kwenye masta silinda (pampu ya breki) au fimbo ya pedali. Lisipoachia hapo lakini likaachia kwenye kalipa, mpira umevimba ndani.

Isiyoshika inataka macho. Toa pedi za pande zote mbili uzilinganishe. Upande wa kulia zikiwa nene na za kushoto zimeisha, kulia hakufanyi kazi: pistoni nzito, mpira ulioziba, au pedi zimelowa grisi kutoka buti ya ekseli iliyochanika. Pedi ya ndani ikiwa na milimita 3 na ya nje 8, kwenye kalipa ya kuteleza, tazama pini kwanza.

Pini zinapaswa kutoka kwa mkono. Sugua kutu, safisha tundu lake, paka grisi ya silikoni ya breki, utando mwembamba tu. Ukijaza tundu, hewa inanaswa na pini inarudi nje. Ile grisi ya bearing ya kwenye kopo inavimbisha mpira, na baada ya muda pini inakwama kuliko mwanzo. Wanaoosha magari mwaloni, kandokando ya Ziwa Victoria, wasilaumu ziwa: maji yake hayana chumvi ya bahari. Tatizo ni mchanga na maji kuingia kwenye buti iliyopasuka, na buti ni ya kubadilisha.

Pistoni yenye mashimo ya kutu ibadilishwe, kwa sababu sili inakaa kwenye kalipa na kusuguana na ngozi ya pistoni hiyo. Msasa hauzibi shimo. Ukiitoa kwa kukanyaga pedali, weka kipande cha mbao mbele yake, vidole mbali.

Mpira wa breki ndio unaonikera: nje mzima, ndani umekufa. Ukishuku umeziba, mara nyingi unabadilisha kwa kukisia, na ni afadhali ubadilishe miwili kwa pamoja. Pedi pia, pande zote. Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Ya usukani yakiingia humo, mipira yote imekwisha.

Yote yakiwa safi na bado linavuta, kagua bushi (mipira) za mikono ya chini inayoshikilia tairi. Mtu asogeze gari mbele na nyuma taratibu akikanyaga breki, wewe simama pembeni utazame tairi ndani ya mudigadi. Likihama mbele na nyuma upande mmoja, breki hazina kosa.