Panga Siku kwa Saa ya Wanyama: Familia Yako Healesville

"Mwanangu, hawa wanyama wanaumwa?"

Bibi mmoja aliniuliza swali hilo chini ya mti wa koala, katika hifadhi ya wanyama ya Healesville. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, mwezi wa Januari, jua limesimama utosini. Alikuwa ametoka Kigoma kuja kuwatembelea wanawe Melbourne, na ukoo mzima, watu kumi na mmoja, ulikuwa umejipakia kwenye magari mawili ili bibi akaone wanyama wa Australia. Alichokiona ni migongo. Koala amejikunja kwenye panda ya mti, wombati yuko shimoni, kangaruu wamejilaza kivulini kama mbuzi walioshiba. Wajukuu wameanza kulia njaa. Nilimwamkia, kisha nikamwambia: "Hapana bibi, hawaumwi. Wamelala. Sisi ndio tumewaingilia usiku wao."

Nilisomea uhifadhi wa wanyamapori nyumbani Tanzania, na tangu nihamie jimbo la Victoria kazi yangu imekuwa kuwafundisha watoto habari za wanyama. Familia nyingi ninazozisindikiza ni za Waswahili wa huku: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania. Karibu zote hufika na picha ya hifadhi kama Mikumi ya Tanzania kichwani. Kule unaingia asubuhi unakuta nyumbu, twiga na pundamilia wako uwandani, na saa saba bado wapo palepale wanakula. Wanyonyeshaji wengi wa Australia hawaishi hivyo. Hutoka jioni, usiku na alfajiri, na mchana hujificha joto lipite. Basi ukipanga siku kwa saa ya watu, yaani kuamka taratibu, chai, safari, kufika adhuhuri, umelipa nauli na kiingilio ukaangalie usingizi. Ipange kwa saa ya wanyama.

Naitumia Healesville kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoijua njia kwa njia, kijito kwa kijito. Iko katika Bonde la Yarra, kilomita kama 65 kutoka katikati ya Melbourne, na wanyama wake ni wa Australia tu. Usitafute simba pale. Geti hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kila siku ya mwaka, hata Krismasi. Hapa niweke angalizo linalotuhusu sisi wenyewe: mnapopanga kwenye kundi la familia, andikeni saa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Watoto waliozaliwa huku wakisikia "saa tatu" wanaelewa saa tisa alasiri. Nimeshuhudia mjomba akifika getini na sambusa za watu wote wakati huo, zikiwa zimebaki saa mbili tu pafungwe.

Ardhi ile ina wenyewe, Wawurundjeri, na watoto waambiwe hivyo kabla ya kuonyeshwa mnyama wa kwanza. Mwaka 1863 watu wa asili waliokuwa wamenyang'anywa ardhi zao walifanya makazi Coranderrk, wakalima, wakafuga, na chini ya mzee wao William Barak wakapigania kwa barua na maandamano haki ya kubaki. Hata hivyo makazi yale yalikatwakatwa na mwisho yakafungwa. Mwaka 1920 kipande cha ardhi hiyo alipewa mtaalamu wa anatomia, Colin MacKenzie, achunguze wanyama wa Australia, na mwaka 1934 kikafunguliwa kwa umma kama hifadhi. Katika familia ninazozipeleka hukosi mtu aliyewahi kufukuzwa kwao. Nikifika kwenye habari za Barak wazee huacha simu zao, husikiliza, na maswali yao huwa mazito kuliko ya watoto.

Sasa siku yenyewe. Muwe getini kabla ya saa tatu. Nendeni moja kwa moja kwa koala, kwa dingo, yule mbwa wa porini wa Australia, na kwa shetani wa Tasmania, mnyama mweusi mla nyama mwenye mfuko, kabla jua halijapata nguvu. Koala hulala hadi saa 20 kwa siku, na hilo watoto hulichukulia kuwa uvivu. Waelezeni. Chakula chake ni majani ya mikaratusi, miti ileile tuliyoipanda Afrika Mashariki kwa kuni na nguzo za umeme, ileile ambayo mama hutuchemshia majani yake tujifukize mafua. Majani hayo yana sumu, nyuzi ni nyingi na lishe ni haba. Mwili wa koala unatumia nguvu nyingi kuyavunja na kuiondoa sumu, kwa hiyo anabana matumizi kwa kulala. Halafu waambieni jambo wasilolisahau: mtoto wa koala akikaribia kuacha maziwa hula kwanza kinyesi laini cha mama yake. Humo ndimo anamopata vijidudu vya tumboni vya kumsaidia kumeng'enya majani. Watoto watapiga kelele za kinyaa, na wiki nzima watakuwa wanawasimulia wenzao shuleni.

Wazazi wengi huniuliza kama wanaweza kumbeba koala wapigwe picha. Victoria hairuhusiwi. Queensland sheria inakubali, lakini hata hifadhi ya koala ya Lone Pine, Brisbane, iliyoanza kulea koala mwaka 1927 na kujulikana dunia nzima kwa picha hizo, iliacha kuwapakatisha wageni koala mwaka 2024. Nakubaliana nao kabisa. Mnyama anayehitaji usingizi kiasi kile hapaswi kupitishwa mikononi mwa watu. Picha ya mtoto wako amesimama chini ya mti, na koala juu yake, inatosha.

Kwa kangaruu msipite haraka. Mtoto wake huzaliwa na urefu wa sentimita mbili hivi na uzito usiofika gramu moja, kipofu, hana manyoya, kisha anapanda mwenyewe juu ya manyoya ya mama hadi mfukoni na kung'ang'ania chuchu. Mama mmoja anaweza kuwa na watatu kwa wakati mmoja: mmoja ameshatoka ila bado anarudi kuchomeka kichwa anyonye, mmoja yumo mfukoni, na wa tatu ni kiinitete kilichosimamishwa tumboni kikisubiri nafasi. Zaidi ya hapo, chuchu mbili hutoa maziwa mawili tofauti, ya mdogo na ya mkubwa, katika mwili mmoja, siku moja. Akina mama wanaonyonyesha huwa kimya kidogo nikisema hivyo. Wombati naye ana mfuko, lakini mdomo wa mfuko huo umeelekea nyuma, maana ni mchimbaji, na mfuko wa kuelekea mbele ungejaa udongo juu ya mtoto. Kinyesi chake kina umbo la mchemraba. Mkionyeshwa, kiangalieni.

Ikifika saa tano na nusu na joto limepanda, ingieni ndani. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: saa za jua kali huzitumia kuzunguka nje, na banda la kinyamadege (platypus) huliacha mwisho, watoto wakiwa wamechoka. Fanyeni kinyume. Kinyamadege ni mnyama wa jioni na usiku, na pale hutunzwa ndani ya jengo lenye giza, kwa hiyo mchana wenu ndio wakati mzuri wa kumtazama. Simameni dakika tano bila kusema ili macho yazoee. Kwanza mtaona mapovu, kisha kivuli kinachopita kama kipande cha gogo chenye haraka.

Ni mnyonyeshaji anayetaga mayai. Ana mdomo kama wa bata na mkia mpana, na dume ana mwiba wenye sumu kwenye kila mguu wa nyuma. Ngozi yake ilipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, mtaalamu wa wanyama George Shaw, aliyemweleza kitaalamu mwaka 1799, alishuku kuwa kuna fundi aliyeshona vipande vya wanyama wawili. Akizama hufumba macho, masikio na pua. Anawindaje basi? Mdomo wake umejaa vipokezi vya umeme, na kwa hivyo huhisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya mdudu aliyejificha matopeni. Healesville ndipo alipozalishwa akiwa kifungoni kwa mara ya kwanza duniani, mwaka 1943, chini ya David Fleay, mkuu wa hifadhi wakati huo, na mtoto yule aliitwa Corrie. Baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 50 kabla jambo hilo halijarudiwa. Nimeingia banda lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nikiona mapovu yale najikuta nimeshika pumzi.

Karibu na hapo kuna hospitali ya wanyamapori yenye madirisha ya vioo. Ukiwa na bahati utamwona daktari akimfunga bawa bundi, au akimpima kobe aliyegongwa na gari. Mtoto wako akitaka kukaa hapo nusu saa, mwache akae, hata kama ratiba imeandika ndege. Pia waonyesheni wale wasio na sura za kuvutia lakini waliobaki wachache: posamu wa Leadbeater, mnyama mdogo wa mitini mwenye mfuko, aliye nembo ya wanyama ya jimbo la Victoria, na kasuku mdogo mwenye tumbo la rangi ya chungwa, anayezaa Tasmania kisha anavuka bahari kuja bara kila mwaka. Pale huzalishwa ili warudishwe porini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipa kiingilio.

Chakula chukueni nyumbani. Inaruhusiwa, inaokoa fedha, na anayetafuta halali hatapata tabu. Ila jihadharini na kwarara. Hawafungiwi, wanatembea watakavyo kati ya meza, na wana midomo mirefu iliyopinda. Ni ndugu wa karibu wa kwarara weupe tunaowajua Afrika, karibu kufanana. Chapati iliyoachwa mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu haidumu. Mle mkiwa mmefunika vyombo, na msiwatupie chochote, wala msimpe kangaruu mkate, kwani vyakula laini vya namna hiyo huweza kumletea ugonjwa wa taya.

Alasiri ni ya ndege. Onyesho la ndege warukao huru juu ya vichwa vyenu, tai kwa kasuku, lina saa zake. Ziangalieni mapema siku ileile na mkae dakika kumi na tano kabla. Mkienda kati ya Juni na Agosti, mtafuteni ndege mwenye mkia wa umbo la kinubi (lyrebird). Huo ndio msimu wa dume kuimba, na anaiga sauti za ndege wengine wa msituni mmoja baada ya mwingine bila kukosea. Watu wetu wanaogopa baridi ya miezi hiyo. Vaeni makoti mwende! Kukiwa na ubaridi wanyama hutembea hata adhuhuri. Septemba hadi Novemba pia ni kipindi kizuri, vichwa vya watoto wa kangaruu vinapoanza kuchungulia mifukoni. Januari naiweka mwisho kabisa.

Kiangazi kina jambo jingine, moto. Kabla ya kuondoka angalieni kiwango cha hatari ya moto cha siku hiyo. Kikiwa cha juu kabisa, kile cha maafa, hifadhi hufungwa, na safari iahirishwe bila ubishi. Februari 2009 moto uliosomba maisha ya watu 173 Victoria ulifika karibu sana na Healesville, hata wanyama adimu wakahamishiwa mjini.

Kuhusu fedha: kwa miaka mingi watoto wamekuwa wakiingia bure wikendi, sikukuu na likizo za shule za Victoria, kwa hiyo familia yenye watoto sita isiogope kabla ya kusoma bei za tarehe yake. Mkipanga kwenda zaidi ya mara mbili kwa mwaka, pigeni hesabu ya uanachama, maana kadi hiyohiyo huingia pia bustani ya wanyama ya Melbourne na ile ya Werribee. Wasio na gari wapande treni hadi Lilydale, kisha basi namba 685 kwenda Healesville. Ulizeni ni basi la saa ngapi linaloingia hadi hifadhini, kwani kutoka mjini Healesville ni kilomita kama nne, na kwa watoto huo ni mwendo mrefu.

Msisubiri hadi mlinzi awaambie muda umekwisha. Saa kumi jioni rudini kwa kangaruu. Jua limelala, wamesimama, wanakula, madume vijana wanapigana ngumi za mchezo. Yule bibi wa Kigoma nilimrudisha pale saa hiyo, akakaa kwenye benchi na kitenge chake begani, na hatukuweza kumwondoa.

Kurudi ndiko kwa hatari, na kwa sababu ileile ya saa ya wanyama. Magharibi kangaruu na wombati huvuka barabara za bonde lile. Punguzeni mwendo, na akipita mmoja subirini wa pili. Mkimkuta kangaruu aliyegongwa, egesheni mbali na magari, washeni taa za tahadhari, mtu mzima mmoja ashuke. Akiwa amekufa, angalia mfuko, kwani mtoto anaweza kuwa hai ndani yake. Akiwa ameshika chuchu usimvute, utamjeruhi mdomo. Piga simu kwa waokoaji wa wanyamapori wakuelekeze. Akiwa ameachia au yuko nje, mfunge ndani ya kanga kama mfukoni, gizani, kwenye joto, bila kelele, wala usimpe maziwa ya ng'ombe. Kwenye gari langu kanga hiyo imo siku zote, imekunjwa chini ya kiti cha abiria.