Umefunga shokapu mpya, usukani umekaa upande

Mwalimu mmoja alituletea Toyota IST yake katika karakana yetu ya mafunzo, wiki mbili baada ya kutoka gereji. Alikuwa amebadilishiwa shokapu zote mbili za mbele, boljointi za chini (viungo vinavyozunguka chini ya gurudumu) na tairodi ya kushoto, yaani ncha ya fimbo inayoligeuza gurudumu usukani unapozungushwa. Kelele za kugonga kwenye matuta zilikwisha, na kwa hilo hakuwa na neno. Shida ilikuwa usukani. Gari likienda moja kwa moja, nembo iliyo katikati ya usukani ilikuwa imeinama kulia, kiasi cha mshale wa dakika uliosogea alama moja kutoka 12. Alipomrudia fundi wake aliambiwa, "Mwalimu, tembea nalo tu, litazoea."

Gari halizoei. Kilichokuwa kinazoea ni tairi, na lilikuwa linazoea kwa kulika.

Tulimwomba apitishe kiganja juu ya kashata za tairi la kushoto, yale matofali ya mpira yanayogusa barabara. Kutoka ndani kwenda nje mkono uliteleza vizuri. Kutoka nje kurudi ndani, kila ukingo wa kashata ulimkwaruza kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Tairi linalokuwa hivyo limefunguka kwa mbele, yaani matairi mawili ya mbele yanatazama nje kama miguu ya bata. Lingekuwa limebana, mambo yangekuwa kinyume: laini mkono ukienda ndani, makali ukienda nje. Kipimo hiki cha kiganja hakigharimu kitu, ila tairi liwe limesimama na gari limezimwa.

Mafundi wengi huita kubana au kufunguka huko "tou". Ni kipimo kimoja kati ya vitatu vya alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, na ndicho kinachoharibika kwa urahisi zaidi mtu anapogusa tairodi. Hebu tupige hesabu. Chukua tairodi ambayo hatua ya meno yake, yaani umbali kutoka jino hadi jino la skrubu, ni milimita 1.5, na mkono wa stelingi, ule unaovutwa na tairodi kuligeuza gurudumu, wenye urefu wa sentimita 12 hivi. Ukiikaza tairodi mzunguko mmoja zaidi ya ilivyokuwa, gurudumu linageuka karibu digrii 0.7. Kwenye tairi lenye kipenyo cha sentimita 58, hiyo ni milimita 7. Sasa kwa magari mengi madogo ya Toyota kiwango cha tou ya mbele ni sifuri, kuzidi au kupungua milimita 2. Mzunguko mmoja tu umekutoa nje ya kiwango zaidi ya mara tatu.

Fundi wa mwalimu alihesabu mizunguko alipofungua tairodi ya zamani, kama tunavyofundisha. Ila tairodi mpya haikuwa na urefu sawa na ile ya zamani, hivyo hesabu yake ya mizunguko haikuwa na maana. Kuhesabu mizunguko kunakufikisha kwenye mashine ya alaimenti bila kuua tairi njiani. Hakuchukui nafasi ya mashine.

Unaweza kuuliza: kama tairi la kushoto ndilo lililofunguka, mbona gari bado lilikwenda mbele? Kwa sababu barabara huyalazimisha matairi mawili kugawana kosa. Kila moja linachukua nusu, usukani unazungushwa kidogo kufidia, na ndiyo maana nembo ililala kulia. Mwendo unaonekana wa kawaida, lakini kila tairi linaburuzwa kando karibu mita 6 katika kila kilomita 1. Nenda Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190, na tairi limeburuzwa kwa ubavu zaidi ya kilomita nzima juu ya lami ya moto.

Hapo ndipo baadhi ya watu hufanya jambo ambalo sisi walimu wa ufundi hutuuma sana. Wanang'oa usukani kwenye shafti, wanauhamisha jino moja au mawili, wanaurudisha ukiwa umenyooka. Mwenye gari anafurahi, tairi linaendelea kulika. Zaidi ya hayo, ndani ya usukani mna mfuko wa hewa wa usalama na waya wake wa kuzunguka, ambao ukirudishwa bila kuwekwa katikati unaweza kukatika siku utakapokata kona kali. Usukani uliopinda baada ya kubadilisha tairodi hunyooshwa kwenye tairodi.

Shokapu nayo ina makosa yake

Tulipomaliza na tou tukaangalia kipimo cha pili, kemba. Hiki ni mwinamo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele: juu likiegemea ndani tunasema kemba ni hasi, likiegemea nje ni chanya. Kemba ikizidi, tairi hulika ukingo mmoja tu, na ukingo huo huwa laini, bila yale meno ya mbuzi.

IST, Vitz, Corolla na ndugu zao hutumia mtindo wa shokapu unaobeba jina la Earle MacPherson, injinia Mmarekani. Shokapu yenyewe ndiyo inayolishikilia gurudumu lisianguke upande. Chini imefungwa kwa boliti mbili kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Matundu ya boliti hizo yana mlegezo kidogo, na mlegezo huo si mdogo kama unavyoonekana. Boliti zikiwa zimeachana sentimita 6, kusogea milimita 1 kwenye tundu moja kunainamisha gurudumu karibu digrii 1. Kwa hiyo fundi akifunga shokapu huku uzito wa diski ukilivuta gurudumu nje, akakaza hapo hapo, amekwishaweka kemba bila kujua.

Dawa ni kuweka alama kwa msumari au rangi kabla ya kufungua, kisha wakati wa kukaza mtu mmoja aishike habu kwa juu na kuiegemeza kwenye alama ile ile. Kama shokapu ni mpya na alama haipo, sukuma pande zote mbili kwa namna moja, zote ndani au zote nje, kisha mashine iamue. Zipo pia boliti maalumu za kurekebisha kemba, nyembamba kuliko za kawaida, zinazokaa mahali pa boliti moja ya shokapu. Tafadhali usikubali nako au mguu wa shokapu ukunjwe kwa jeki na mnyororo ili "kemba ikae". Chuma kilichokunjwa kikiwa baridi kinaweza kuwa na ufa usiouona.

Kipimo cha tatu, kasta, ni ulalo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari kwa ubavu. Kasta hailiharibu tairi sana. Kazi yake ni kuurudisha usukani katikati baada ya kona. Ikitofautiana kushoto na kulia, gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Kwenye magari ya shokapu za MacPherson kwa kawaida haina pa kurekebishwa, kwa hiyo ikikataa, tafuta mkono wa chini uliopinda, ule unaounganisha gurudumu na fremu kwa chini, au fremu iliyosogea. Hilux na Prado zenye mikono miwili kila gurudumu la mbele, wa juu na wa chini, zina kemu (visahani vyenye tundu lisilo katikati) kwenye boliti za mkono wa chini, na huko kemba na kasta vyote hurekebishwa.

Bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake

Ningeombwa kuchagua kosa moja la kuliondoa katika gereji zote, ningechagua hili. Bushi ya mkono wa chini ni mpira ulioshikamana na bomba mbili za chuma, moja ndani na moja nje. Haizunguki kama beringi. Hujipinda tu, kisha hurudi. Sasa gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, na fundi anakaza boliti ya bushi mpaka mwisho. Bomba la ndani limebanwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, mkono unapanda na mpira unapindwa moja kwa moja, usiku na mchana, hata likiwa limelala bandani. Baada ya muda mfupi unachanika, na mwenye gari analaumu spea kuwa feki.

Kwa upande wa alaimenti madhara yanaanza siku ile ile. Mpira uliopindwa hulinyanyua gari kidogo, kimo cha kushoto na kulia hakilingani, na vipimo unavyopewa leo vitakuwa vingine mpira ukishalegea. Kwa hiyo boliti za bushi zifungwe kwa mkono kwanza, gari lishushwe au jeki iwekwe chini ya mkono mpaka ubebe uzito wa gari, litikiswe mara kadhaa, ndipo zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Mazungumzo haya tulirudia mara mbili kwenye IST ya mwalimu, maana wanafunzi wawili walikuwa tayari wameshika spana gari likiwa bado juu.

Kabla ya mashine, na kama mashine iko mbali

Mashine ya alaimenti inapima tu. Haijui kama beringi inacheza, kama rakiendi (fimbo ya ndani inayounganisha tairodi na raki ya usukani) imelegea, au kama tairi moja lina upepo nusu. Jaza upepo sawa, hakikisha matairi ya mbele yana saizi moja, toa mizigo ya biashara kwenye buti, nyanyua gurudumu na ulitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kitu kikicheza, usilipe alaimenti kwanza. Na si kila spea inadai alaimenti: ukibadilisha stabilaiza linki (vifimbo vya chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona) au pedi za breki peke yake, hela yako ibaki mfukoni. Mtetemo wa usukani kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa mara nyingi ni suala la balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, kazi nyingine kabisa.

Walio mbali na mji wenye mashine wanaweza kupima tou kwa utepe na chaki, wakapata hali ya kuwafikisha salama. Egesha mahali tambarare, usukani ukiwa katikati, kisha lisukume gari mbele mita chache. Usilirudishe nyuma, kwa sababu ukirudi mlegezo wa viungo vyote huvutwa upande wa pili na kipimo kinadanganya. Nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, piga alama ya chaki katikati ya kashata, kisha pima kutoka alama hadi alama. Lisukume tena mbele mpaka alama zile zile zifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, na upime tena. Kuzitumia alama zile zile kunafuta kosa la rimu iliyopinda kidogo. Vyuma vya chini vikizuia utepe, shusha alama zote kwa kimo kimoja, ukijua tofauti itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mbele kukiwa kufupi, matairi yamebana. Kukiwa kurefu, yamefunguka.

Unapogeuza rakiendi, legeza kwanza klipu ya buti la mpira. Usipoilegeza, buti hujisokota kama nguo inayokamuliwa, huchanika, na vumbi linaingia kwenye raki ambayo bei yake unaijua.

Kwenye mashine yenyewe, omba magurudumu yote manne yapimwe hata kama gari lako lina boriti ya nyuma isiyorekebishika, chuma kimoja kinachobeba magurudumu yote mawili ya nyuma. Boriti iliyosogea hulisukuma gari kiubavu, na hakuna tou ya mbele itakayolitibu. Mbele, kasta na kemba hutangulia na tou huja mwisho, kwa sababu kuigusa kemba huisogeza tou. Kisha omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na usitazame rangi ya kijani, ile ya kuonyesha kipimo kiko ndani ya kiwango, peke yake. Kemba ya kushoto ikiwa chanya dakika 30 (dakika 60 ni digrii 1) na ya kulia hasi dakika 30, zote zinaweza kuonekana kijani, lakini tofauti yake ni digrii 1 nzima na gari litavuta kushoto, upande wenye kemba chanya. Kwa Toyota nyingi tofauti ya pande mbili isizidi dakika 45. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza linaweza pia kuhitaji kihisi cha usukani kiwekwe upya kwenye sifuri. Taa ikiwaka baada ya alaimenti, rudi kabla hujaanza kubadilisha spea nyingine.

IST ya mwalimu ilitoka na tou ya milimita 1 ya kubana na kemba zinazokaribiana. Siku ya tatu akapiga simu: usukani umenyooka, ila akiuachia gari linakwenda kushoto polepole. Tukamwomba abadilishane matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Mvuto haukuhama, kwa hiyo tairi halikuwa na kosa. Rimu zote mbili zilikuwa na joto sawa baada ya safari, kwa hiyo breki haikuwa imeshika. Mwisho tukamwambia aende kwenye uwanja mpana wa saruji, asubuhi kabla hapajajaa watu, auachie usukani pale. Gari lilinyooka. Barabara zetu za lami huinamishwa, kwa kawaida asilimia 2.5, ili maji ya mvua yashuke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto.