Je, wajua kwa nini nyuzi za gitaa la besi zinakufa sauti?

Chukua besi yenye nyuzi za mwaka mzima, kwangua uzi mnene wa E kwa kucha kisha iangalie hiyo kucha. Ule weusi ndo jibu lenyewe. Chuma cha uzi nacho kinachakaa kwa kugongana na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, ila uchafu ndo unatangulia kuua.

Uzi wa besi una waya katikati halafu umezungushiwa waya mwingine kwa nje, na kwenye ile mizunguko kuna vijifereji ambamo jasho na mafuta ya vidole vinajaa kila ukipiga. Sasa ukiupiga uzi wa E hautoi mlio mmoja, kuna ule wa msingi unaotetema kama mara 41 kwa sekunde, juu yake kuna 82, 123, 164 na kuendelea, na hiyo ya juu ndo inafanya besi isikike ikilia kama kengele hata kwenye spika mbovu. Uchafu unaikaba hiyo kwanza, unabaki na dum dum tu.

Mimi zangu nilizichemsha dakika 10 hivi Jumamosi usiku, maji yakawa kama chai ya rangi, nikazikausha kwa taulo mpaka zikakauka kabisa maana zikibaki na maji zinashika kutu. Ibadani kesho yake zililia kama mpya, wiki mbili mbele zikarudi kulekule. Bora uziloweke kwenye spiriti siku nzima, kwenye chombo kilichofunikwa na mbali na moto, hazishiki kutu na zinadumu zaidi.

Kama ni uzi mmoja tu unasikika kwa mbali wakati wenzake wako poa, usikimbilie dukani, angalia pikapu, kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa mlio, upande wa huo uzi, kaza au legeza skrubu kidogo kidogo uisogeze juu, ila isikaribie sana maana sumaku inauvuta uzi na mlio unayumba. Kama besi yako inatumia betri na nyuzi zote zimefifia, badili betri ya volti 9 kwanza jamani.

Na kama ni noti moja tu inayokufa haraka, mara nyingi uzi wa G kati ya freti ya 5 na 7, hapo hata ununue nyuzi za bei gani haisaidii, ni shingo ya gitaa inayomeza mtetemo. Ile C ya freti ya 5 ihamishie uzi wa D freti ya 10, noti ni ileile.