"Single" ya single malt ya Marekani haihesabu mapipa

Hata wauzaji wanaojua kazi yao hukwambia kwamba single malt ni wiski ya pipa moja, isiyochanganywa. Sivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Kwa kanuni ya TTB, idara ya serikali inayosimamia pombe Marekani, iliyoanza kutumika 19 Januari 2025, American Single Malt Whiskey hutengenezwa kwa kimea cha shayiri 100%. Hukenekwa katika kiwanda kimoja bila kupita alkoholi 80%, hulazwa katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na hutiwa chupani ikiwa na 40% au zaidi. Kuponda kimea, kukeneka na kulaza mapipani, vyote vifanyike Marekani.

Kiwanda kimoja: hiyo ndiyo "single". Fundi akichanganya mapipa hamsini ya umri tofauti, mengine mapya na mengine yaliyowahi kukaa divai, bado ni single malt, mradi yote yametoka kwenye mitambo yake. Wala kimea si lazima kiwe cha aina moja. Kiwanda cha Westland cha Seattle kimejulikana kwa mchanganyiko wa vimea vitano, kuanzia cheupe hadi kilichokaangwa kikakaribia rangi ya kahawa. Vyote shayiri. Anayetengeneza kimea cha ulezi anaijua kazi: loweka, acha ichipue, kausha. Ladha huanzia kwenye huo ukaushaji. Kule Tucson, Arizona, kiwanda cha Whiskey Del Bac hukausha sehemu ya kimea chao kwa moshi wa kuni za mesquite, mti wa jangwani.

Pipa ni habari nyingine. Kanuni inaruhusu jipya au lililokwisha kutumika, lililochomwa ndani au lisilochomwa. Pipa dogo, jipya, lililochomwa, likiwekwa kwenye joto la Texas, huifunika shayiri upesi: vanila tele, kisha uchungu wa mti. Hapo mtu husema "mbona hii ni bourbon tu?" Bourbon ni mahindi, angalau 51%. Ili kuonja tofauti, mimina mililita 30, iache dakika kumi, ongeza matone ya maji, barafu weka kando. Shayiri itajitokeza, kama ipo ya kujitokeza.

Umri pia haumo kwenye jina. Wascotland hudai miaka mitatu. Marekani haidai, ila lebo ikiandika "straight" ni miaka miwili au zaidi.

Kwa hiyo ukitaka ya pipa moja, mwambie muuzaji "single barrel". Ni chupa nyingine, na mara nyingi bei nyingine.