Familia Ikinaswa na Vurugu Ugenini: Ya Barazani na Ya Kweli

Ikiwekwa picha ya sinema ya baba, mama na watoto wawili wanaokimbia vurugu katika nchi ya watu, baraza la Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe Unguja, hugeuka kamati ya ulinzi. "Panda juu, panda juu!" "Si aingie ubalozini mjinga huyo!" Kahawa inapoa vikombeni. Kelele hazina ubaya wowote, ila wengi wetu tuna mtoto au shemeji aliye nje, na ushauri uleule wa kwenye picha ndio tunaomrushia kwa WhatsApp siku mambo yakichafuka kwake.

"Ukishaingia ubalozini uko nchini kwako."

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na si kweli. Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 22, unasema jengo la ubalozi haliingiliwi bila idhini ya mkuu wake. Hausemi kwamba ardhi ile imehama. Ni ya mwenyeji vilevile. Tena ulinzi huo unategemea serikali yenye nguvu ya kuutimiza. Tehran mwaka 1979 ubalozi wa Marekani ulivamiwa, na watu 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Mwenye bunduki getini hana habari na kifungu hicho.

"Serikali italeta helikopta."

Chukua Khartoum, mji mkuu wa Sudan. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023, na uwanja wa ndege ukawa uwanja wa mapigano tangu siku ya kwanza. Wiki moja baadaye helikopta za Marekani zilikuja kweli, zikachukua watu wasiofika 100, wengi wao wa ubalozini. Raia wa kawaida wa Marekani waliokuwa mjini humo waliambiwa kwa wakati ule wasitegemee kubebwa. Watanzania, wakiwamo wanafunzi wengi, walitolewa kwa mabasi mpaka Ethiopia, na mwishoni mwa Aprili ndege ya Air Tanzania ikawarudisha nyumbani. Kwenye picha hutamwona mtu anayesubiri basi lijae, lakini hivyo ndivyo watu wanavyotoka. Na basi halimfuati mtu asiyejulikana alipo. Anayekwenda kusoma au kufanya kazi nje na jina lake haliko ubalozini, wala hana namba ya kiongozi wa Watanzania wenzake, amejiweka mwisho wa foleni mwenyewe.

"Kimbia! Anayebaki ndani amekwisha."

Hapa ndipo picha zinapotudanganya zaidi, kwa sababu familia iliyokaa ukumbini siku nne haiuzi tiketi. Mara nyingi hatari kubwa iko njiani: vizuizi, risasi za kupotea, kijana mwenye silaha anayekuuliza swali kwa lugha usiyoijua vizuri (Kiarabu cha madrasa si cha kizuizini). Ukisikia milio, kaa mbali na madirisha, tafuta ukumbi au chumba cha katikati ambacho kati yako na barabara pana kuta mbili. Juu ya paa ndiko usikoende kabisa: risasi iliyopigwa hewani hurudi chini na huua, na anayeonekana juu hudhaniwa mpigaji. Gari nalo halilipuki kwa risasi moja kama tulivyozoea kuona, lakini mlango wake haukukingi, risasi ya bunduki ya kivita hupita.

Kisha maji. Jaza kila kitu wakati bado yanatoka: ndoo, masufuria, madumu. Hili sisi wa Unguja hatuhitaji kusomeshwa. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa bila umeme wa gridi, na pampu zilipokosa umeme mabomba yakakauka. Hapakuwa na risasi hata moja, na bado watu walihangaika na madumu.

"Pasipoti na simu vinatosha."

Khartoum wapo waliokwama kwa sababu pasipoti zao zilikuwa ndani ya balozi walikoomba viza, nazo zimefungwa. Benki zilifungwa pia, na anayetegemea pesa za kwenye simu hana nauli siku mtandao ukikatika. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa hapahapa Tanzania, basi tusijifanye hatujui. Noti ndogondogo, nakala za karatasi za kila mtoto, na namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Mtoto mdogo atiliwe karatasi yake mfukoni, yenye jina lake na la wazee wake.

"Ukivuka mpaka, picha imekwisha. Na hayo ni ya nchi za wenzetu."

Waulizeni Wapemba. Baada ya maandamano na mauaji ya Januari 2001, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Mpaka wao ulikuwa bahari, wakauvuka kwa vyombo vya kawaida. Kufika pwani ya pili hakukumaliza jambo: palikuwa na kuandikishwa, kugaiwa chakula, na kuamua kama urudi au usirudi huku habari za nyumbani zikija kwa vipande. Wengi walirejea mwaka uleule, ambao Oktoba yake vyama vya CCM na CUF vilitia saini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mgogoro wao. Wengine walipelekwa kambi za wakimbizi za Dadaab, hukohuko Kenya.