Kupanga safari za motisha: yanayodhaniwa na yalivyo

Nikimwambia mtu hapa Nairobi kwamba napangia makampuni safari za motisha, yaani safari za kuwazawadia wafanyakazi waliofanya vizuri, jibu huwa lile lile: "Kumbe wewe hulipwa kutembea!" Vijana wengi wanaitafuta kazi hii kwa sababu hiyo, na inanisikitisha wanapoiacha mapema.

Dhana: ni kazi ya kutembea na kula raha

Kazi huanza miezi mingi kabla ya ndege, ofisini Westlands au Upper Hill, mbele ya hesabu za mauzo. Safari ya motisha hutolewa kwa waliofikia lengo lililotangazwa mapema. Kwa hiyo kabla ya kuuliza twende wapi, tunauliza nani atastahili, na kama mauzo ya ziada yatailipia safari yenyewe. Lengo likiwa juu mno watu hukata tamaa mapema. Likiwa chini mno, kampuni inawapeleka ufukweni Diani watu ambao wangeuza vilevile.

Na hata siku ya safari, raha ni ya wengine. Niliwahi kupeleka kundi Maasai Mara kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege hizo huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena mkoba laini, kwa kuwa nafasi ya mizigo ni finyu. Niliyaandika hayo mara moja tu, chini kabisa ya barua pepe. Asubuhi, mama aliyeongoza mauzo mwaka mzima akafika na sanduku gumu la magurudumu. Mzani ukasoma 23. Akalifungua pale sakafuni, wenzake wakitazama, akaanza kutoa viatu, kisha gauni alilonunua kwa ajili ya usiku wa tuzo. Gauni lilibaki Nairobi. Safari ilikuwa ya kumheshimu, nami nikamwaibisha kabla hajapanda ndege. Siku hizi habari ya mizigo naituma peke yake, mara tatu, halafu napiga simu.

Dhana: bila kusomea utalii huingii

Utalii College pale Thika Road, iliyoanza 1975, imelea wengi wazuri. Lakini nimefanya kazi na wahasibu na watu wa mauzo waliotuzidi sote katika kusoma mkataba wa hoteli. Ukihifadhi vyumba 60 na wakaja wageni 48, kuna kifungu kinachosema nani analipia vile 12. Asiyekiona, bajeti humfia mkononi. Anayetaka cheti cha fani yenyewe anaweza kukipata kwa chama cha kimataifa kiitwacho SITE, kilichoanzishwa 1973.

Dhana: wafanyakazi wangependelea pesa taslimu

Wengine ndiyo, sibishi. Ila pesa huingia kwenye karo na kodi ya nyumba, na haina picha ya kuonyesha watoto. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kwa KRA, mamlaka ya kodi, zawadi ya safari nayo inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mapato ya ajira. Kampuni iamue mapema nani atabeba kodi hiyo, mshindi asije akashtuka mwisho wa mwezi.

Dhana: anayeanza hupewa kazi ndogo ndogo tu

Anayeanza hupewa orodha ya abiria. Anakagua pasipoti zisiwe zimebakiza chini ya miezi sita, na kwa wanaokwenda Zanzibar anadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kisha anasoma majina herufi kwa herufi, kwa sababu tiketi ikiandikwa Wanjiru na pasipoti ikasema Wanjiku, anayezuiwa uwanja wa ndege wa JKIA ni mshindi.